Sababu Walizonipa za Kifo cha Ipyana

Asubuhi ya siku ile nilifundisha darasa la tatu kugawanya kwa kutumia mabibo. Ulikuwa msimu wa korosho, na watoto walikuja shuleni mashati yao yakiwa na madoa ya kahawia ambayo hayatoki hata ufue vipi. Niliwaambia kila kikundi kilete mabibo yake, na kabla hesabu haijaisha nusu yalikuwa yameshaliwa. Sikumchapa mtu. Niliwaambia basi tuhamie kwenye hesabu za kutoa, wakacheka, nami nikacheka.

Jina langu ni Subilaga. Nimezaliwa Tukuyu, na serikali ndiyo iliyonileta kusini kufundisha. Mume wangu, Ipyana, alikuwa tabibu wa zahanati ya kijiji, ingawa watu wote walimwita dakitari. Tulikuwa na mtoto mmoja, Atupele, aliyekuwa ameanza darasa la kwanza mwaka ule. Kijiji chenyewe sitakitaja, kwa sababu waliorudi kuishi pale wamechoka kutajwa. Kiko ukingoni mwa mto Ruvuma, na ukiwa na baiskeli nzuri unafika Kitaya na kurudi kabla ya chakula cha mchana.

Ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Zamani watu walilima mpunga kingo zote mbili na kuoana pande zote mbili. Kisha vita vikaanza huko. Kwanza tuliona moshi. Baadaye wakaja watu kwa mitumbwi, wamebeba magodoro na kuku, na Ipyana akawa anawatibu miguu. Tuliogopa kwa miezi kadhaa, halafu tukazoea. Milio ya bunduki ya ng'ambo ikawa kama mvua inayonyesha kijiji cha jirani.

Wakristo tulikuwa wachache: sisi, bwana shamba, familia mbili za askari na Wamakonde kadhaa waliotoka uwandani, nyanda za juu mbali na mto. Tulisali kwenye chumba cha darasa, na mwinjilisti asipofika Ipyana ndiye aliyeanzisha nyimbo. Hakuwa na sauti nzuri. Alikuwa na ujasiri tu wa kuanza.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Bi Somoe, mjane, mwenye shamba la mikorosho na la mihogo. Ulimi wake ulikuwa mkali. Aliniletea ming'oko, mizizi ya porini, iliyochemshwa, kisha akasimama kuangalia kama ninaila vizuri. Aliwahi kuniambia kuwa sisi watu wa ndizi hatujui kula. Lakini Atupele akiumwa, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza mlangoni.

Siku ile mchana Ipyana alikuja nyumbani kula. Alisema kuna binti anaitwa Zuhura, mimba ya kwanza, ameanza uchungu tangu alfajiri na mambo yanakwenda polepole. Mume wa Zuhura hakuwepo. Alikuwa dago, kambi ya wavuvi, huko Mnazi Bay. Ipyana alijinyoosha kidogo kwenye mkeka, akainuka, akanawa uso. Alipofika mlangoni aliniambia samaki walikuwa na chumvi nyingi. Nilimwambia kesho apike mwenyewe.

Watu huniuliza maneno yake ya mwisho kwangu. Wanategemea nitawapa kitu cha kuandika ukutani. Ni hayo.

Alasiri nilikuwa barazani nikimsuka Atupele. Jua lilikuwa bado juu ya miti. Nilisikia milio na sikuinua kichwa, kwa kuwa tulikuwa tumeizoea. Milio ya ng'ambo ilikuwa ikitufikia imelegea kwa kupita juu ya maji. Nikaendelea na mkono wangu, nikashika fungu jingine la nywele, na hapo ndipo nilipogundua kwamba hii haikuwa imelegea.

Kisha nikaona watu wanakimbia kutoka upande wa mtoni. Hawakupiga kelele. Walikimbia kimya, na ukimya ule ndio ulionisimamisha.

Moshi ulipanda nyuma ya msikiti.

Zahanati ilikuwa upande ule.

Nilimshika Atupele mkono nikaanza kwenda huko, kuelekea kule watu walikotoka. Sikufikiri. Nilipita nyumba mbili. Bi Somoe alitokea uani kwake, akanishika kitenge kwa nguvu mpaka kikafunguka.

"Unakwenda wapi?"

Nilimwambia baba Atu yuko zahanati.

"Najua aliko. Na ntoto huyu, ukishafika huko, atakuwa wa nani?"

Alisema "ntoto", kama wasemavyo wazee wa kule. Nilimtazama Atupele. Nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa, nusu imesimama.

Tuligeuka.

Tulipita katikati ya mihogo, tukaingia kwenye mikorosho. Mabibo yaliyooza yalitutelezesha. Bi Somoe alikuwa mbele, amejifunga khanga kiunoni, na sikujua kama mwanamke wa umri ule anaweza kwenda mwendo ule. Nyuma yetu milio ilikuja, ikanyamaza, ikaja tena.

Tulilala kifudifudi chini ya mkorosho ambao matawi yake yalifika ardhini.

Watu walipita karibu. Sikuona nyuso zao. Niliona viatu, na suruali zilizolowa maji mpaka magotini.

Nilimziba Atupele mdomo. Hakuwa analia, lakini nilimziba.

Bi Somoe alikuwa anasoma dua, midomo tu inacheza. Mimi nilitaka kuomba. Nimelelewa na watu wa kuomba, baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, nilijua maombi ya asubuhi, ya safari, ya chakula, ya wagonjwa. Hakuna hata moja lililokuja. Nililitaja jina la Yesu, nikalitaja tena, kama mtu anayemwita mtu aliye chumba cha pili na hajui kama yumo.

Viatu vikaondoka.

Kabla jua halijazama kabisa tulifika barabarani na kukuta watu wengi wa kijiji wameketi chini, na gari la askari limesimama. Nilizunguka nikiuliza. Kila mtu alikuwa anamuuliza mwenzake, na jibu lilikuwa moja: labda amepita njia nyingine.

Walitupeleka kwenye shule moja mbali na mto. Kesho yake wanaume walirudi kijijini pamoja na askari. Waliporejea, mwenyekiti wa kijiji alinitafuta. Alivua kofia. Baada ya hapo hakuwa na haja ya kusema, lakini alisema, kwa heshima, kwamba dakitari amekutwa mbele ya mlango wa zahanati, kwamba joto lilikuwa kali na wasingeweza kungoja, na kwamba wamemzika pamoja na wengine katika makaburi ya kijiji. Wamemvika shuka safi za zahanati. Aliniomba radhi kwamba hawakujua sala zetu, hivyo walisimama tu, na kila mmoja alimwombea kwa namna aliyoijua.

Nilimshukuru. Nilikaa chini. Mtu alimchukua Atupele kutoka mkononi mwangu.

Siku hiyohiyo Bi Somoe naye alipata habari zake. Mwanawe wa mwisho, Saidi, kijana mkubwa aliyekuwa anajiandaa kuoa, alikuwa bustanini mtoni akimwagilia nyanya. Waliomwona mara ya mwisho walisema alibebeshwa gunia la unga pamoja na vijana wengine, wakavushwa mto. Hakuwa miongoni mwa waliozikwa. Hakuwa miongoni mwa waliorudi.

Jinsi Ipyana alivyokufa niliisikia kwa Zuhura mwenyewe, wiki ile ile, amekaa kwenye sakafu ya darasa, kichanga kimefungwa kifuani.

Alisema milio ilipoanza watu wote wa zahanati walikimbia, naye hakuweza, kwa sababu kichwa cha mtoto kilikuwa kimeshashuka. Ipyana alifunga mlango akabaki. Mtoto akazaliwa, wa kiume, na akalia. Nje wale waliovuka mto na bunduki walikuwa wanamwita dakitari afungue, wanataka dawa. Ipyana alikata kitovu, akamfungia Zuhura ndani ya chumba kidogo cha kuhifadhia maboksi, chenye dirisha la nyuma linalotazama matete. Zuhura alirudia maneno yake kwangu polepole, kama mtu anayekabidhi kitu kisicho chake.

"Mshike mtoto kifuani asilie. Ukisikia nafungua mlango wa mbele, wewe toka dirishani."

Alifungua mlango wa mbele. Zuhura alimsikia akizungumza nao kwa sauti ya kawaida, sauti ya kumwuliza mgonjwa anaumwa wapi. Alimsikia akiwaonyesha dawa zilipo. Yeye akapita dirishani na mtoto, akaanguka kwenye matete. Alisikia mlio mmoja.

Nilimwomba anipe mtoto nimshike. Alikuwa mwepesi sana. Baba yake alimpa jina la Hamisi, lakini kijiji kizima kilikuwa kimeshaanza kumwita Dakitari.

Nilihamia Mtwara mjini. Halmashauri ilinipa nafasi katika shule ya huko, nikapanga chumba Chikongola, nyuma ya maduka ya vitambaa. Zuhura naye alikuja mjini kukaa kwa shangazi yake, si mbali na kwangu. Bi Somoe alikataa kuondoka karibu na mto. Alisema Saidi akirudi atakuja pale.

Kanisani walinipokea vizuri, na hilo sitaki lisahaulike. Walileta mchele, mafuta, godoro, sare mpya za Atupele. Akina mama walilala kwangu kwa zamu mpaka nilipoweza kulala peke yangu. Lakini pamoja na mchele yalikuja maneno. Mmoja alisema Mungu huchuma maua mazuri kwanza. Mmoja alisema shetani aliomba ruhusa ya kunijaribu na Mungu akaniamini. Mmoja, mama mpole aliyekuwa akifanya kazi bandarini, alisema mateso ni moto wa kusafishia dhahabu, nami nikajiuliza Ipyana alikuwa na uchafu gani. Walikuwa wananipa walichokuwa nacho.

Neno lililonishika lilikuwa la mchungaji. Alikuwa mtu wa makamo, msomi, asiyependa makelele madhabahuni. Jumapili moja alihubiri juu ya kusudi la mateso. Alisema mateso ya Mkristo hayapotei bure. Mungu huyatumia, na mara nyingine hutujalia hata kuona kwa macho ametumia vipi. Kisha akaniomba nisimame. Alikuwa amemwalika Zuhura, ambaye alikaa benchi la nyuma na ushungi wake, ana haya. Mchungaji akawaambia watu wamtazame mtoto yule. Akasema Ipyana alitoa uhai wake, na tazameni, uhai huu hapa.

Watu walilia. Nami nililia, kwa mara ya kwanza tangu mwenyekiti alipovua kofia.

Tangu siku ile nililishika jambo lile kwa mikono miwili. Ipyana amekufa ili Hamisi aishi. Lilikuwa na kichwa na miguu. Nikiamka na uzito kifuani nilikuwa ninalisema, na uzito ulisogea kidogo. Jioni nilipotoka shule nilipita kwa shangazi yake Zuhura kumwona mtoto. Alinenepa. Alianza kukaa. Aliota meno mawili ya chini, akanifinya pua, akacheka kwa sauti nzito isiyolingana na mwili wake. Zuhura aliniita mama, na mimi nilimhesabia mtoto yule mambo ambayo sikumwambia mtu: atasoma, nitamlipia, atakuwa tabibu. Sasa naona kwamba nilikuwa nimempa mtoto mchanga kazi ya kumtetea Mungu.

Masika yalikuwa mabaya mwaka ule. Maji yalisimama mitaani, na mbu wakawa wengi. Hamisi alipata homa Jumatano. Walimpeleka hospitali, akachomwa sindano, akaongezewa damu. Wauguzi walifanya kila walichoweza, niliwaona. Ijumaa, wakati watu wanatoka msikitini, alifariki.

Zuhura alitaka azikwe kijijini. Tulikwenda kwenye gari la mizigo la kukodi, mtoto amelazwa mapajani mwa baba yake, amefunikwa khanga. Mimi nilikuwa natazama nje, na ndani yangu kitu kilikuwa kinavunjika kwa utaratibu, kipande baada ya kipande. Kama Ipyana alikufa ili huyu aishi, sasa Ipyana amekufa ili iwe nini?

Wanawake hawakwenda makaburini. Tulibaki uani. Nilikaa karibu na Zuhura. Yale maneno yote niliyopewa Chikongola, ya maua, ya dhahabu, ya kujaribiwa, yalikuwa kichwani mwangu, na nikaona hakuna hata moja linaloweza kusemwa mbele ya uso ule. Nilimshika mkono tu. Maziwa yalikuwa yanamtoka, yamelowesha gauni. Nilivua kitenge changu cha mabegani nikamfunika.

Baada ya hapo sikwenda kanisani kwa muda mrefu. Sikuacha kuamini kuwa Mungu yupo; ingekuwa rahisi zaidi. Nilimwona kama mchuuzi aliyeuza kitu, akapokea malipo, kisha akakirudisha kitu dukani kwake. Atupele alisali peke yake kabla ya kula. Nilimngoja amalize.

Mchungaji alikuja nyumbani siku moja baada ya saa za shule. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akashika kikombe cha chai bila kunywa. Nilikuwa nimejiandaa kwa mahubiri. Aliniambia kwamba hakuja kuhubiri. Alisema amefundisha habari za mateso miaka mingi, na kwamba siku ile alipowaonyesha watu mtoto wa Zuhura aliona amepata mfano ambao hajawahi kuupata.

"Nilikupa jibu ambalo halikuwa langu kulitoa," alisema. "Na nilimbebesha mtoto wa watu."

Nilimuuliza swali nililokuwa nimelikalia tangu siku ya mazishi. Kama mateso hayana kusudi, basi msalaba ni wa nini? Kwa nini tunauvaa, kwa nini tunauimba?

Alikiweka kikombe sakafuni. Akasema kwamba zamani angenijibu haraka. Akasema anaamini bado kwamba msalaba unaokoa, lakini amerudi kuusoma na ameona kitu alichokuwa anakiruka. Yule aliyetundikwa pale aliuliza kwa nini, kwa sauti, mbele ya watu. Na siku hiyo hakujibiwa.

"Sijui kusudi la kifo cha Ipyana, wala la mtoto," alisema. "Ninachojua ni kwamba unapouliza, huko unakouliza, Yesu ameshafika. Zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya."

Hakuomba. Aliniuliza kama ningependa aombe, nikasema hapana, akakubali. Alipoondoka nilimwaga chai yake iliyopoa, nikasimama uani kwa muda. Sikupata amani. Lakini kwa mara ya kwanza sikuwa peke yangu ndani ya swali lile.

Polepole nilianza kuona jambo jingine, na hili sikuambiwa na mtu. Ipyana hakufungua mlango ule kwa sababu alijua Hamisi ataishi miaka mingapi. Hakuwa ananunua kitu. Palikuwa na mwanamke mwenye uchungu, palikuwa na mtoto, na yeye alikuwa tabibu. Miezi ile ya Hamisi, kunyonya kwake, kicheko chake kizito, ilikuwa miezi ya Hamisi. Haikuwa bei ya mtu. Nilipoacha kuipima na kifo cha mume wangu niliweza kumlilia mtoto yule kama mtoto.

Kiangazi kilichofuata baba mkwe alikuja kutoka kwetu Tukuyu, wilaya ya Rungwe. Wazee wa ukoo walikuwa wameamua kwamba Ipyana hawezi kubaki kwenye ardhi ya ugenini, tena katika makaburi yasiyo ya dini yake. Alikuja na shemeji yangu, Lusajo, na kwenye begi alikuwa na kitambaa cheupe kipya cha kufungia mifupa ya mwanawe.

Kwetu Unyakyusa mkwe wa kike na baba mkwe hawakabiliani. Tangu nilipoolewa sikuwahi kusimama mbele yake wala kusikia sauti yake ikinielekea. Vijana wengi wameacha, lakini yeye alikuwa mtu wa zamani. Kwenye gari alikaa mbele, mimi nyuma kabisa, na kila neno lilipitia kwa Lusajo.

Kijijini tulipokewa na mwenyekiti na Bi Somoe. Zuhura alikuwa amesharudi kuishi pale na mumewe. Safari hii wanawake tuliruhusiwa kuingia makaburini. Kaburi la Ipyana lilikuwa limefagiliwa. Mtu alikuwa amefunga vijiti viwili kuwa msalaba, na vijiti vilikuwa vipya. Ilionekana vinabadilishwa kila mchwa wakivila. Hatua chache kutoka pale palikuwa na kaburi dogo sana.

Baba mkwe alimwambia Lusajo aulize lile ni la nani. Nilieleza, nikiangalia chini. Lusajo akamweleza. Mzee aliomba jembe, na tukadhani anataka kuanza kufukua. Alikwenda kwenye lile kaburi dogo, akainama, akaanza kung'oa magugu pembeni yake. Alipomaliza, alirudi kwa mwanawe akafanya vilevile. Kisha akageuka, akanitazama usoni. Lusajo alirudi nyuma kama aliyeona jambo la hatari.

"Mwanangu," aliniambia, "tangu Tukuyu nilikuwa napanga maneno ya kukuambia. Nimefika hapa yameisha."

Akalia mbele yangu, nami nikalia mbele yake. Alisema Ipyana abaki. Alisema watu waliomvika shuka na wanaombadilishia vijiti si wageni.

Ingeishia pale ingekuwa habari nzuri. Lakini mzee alikuwa bado na kile kitambaa cheupe, na tulipokwisha kula kwa Bi Somoe alifanya kitu kwa moyo mwema kabisa. Alikuwa ameambiwa habari za Saidi. Alikitoa kitambaa kwenye begi, akakiweka mikononi mwa Bi Somoe, akasema kimfae kwa mwanawe, siku atakapopatikana.

Bi Somoe alikitazama. Alijua ni nguo ya nini. Alikikunja vizuri, kona kwa kona, akamrudishia.

"Wako yuko pale, baba, umemwona alipo. Wangu hajafa. Sijaambiwa na mtu kwamba amekufa."

Mzee alijua amekosea. Alikipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akamwomba radhi. Bi Somoe alisema hakuna neno, akamwongezea chai. Zuhura alikuwa mlangoni. Nilitazama tulivyokaa: mmoja ana kaburi refu, mmoja ana kaburi fupi, mmoja hana hata pa kung'oa magugu. Hakuna aliyemwambia mwenzake ni kwa nini.

Tulipokuwa tunaingia garini Bi Somoe alinivuta kando. Aliniuliza kama ni kweli kwamba kanisani kwetu hutaja majina ya watu kwa Mungu. Nilisema ni kweli. Tunawataja wagonjwa, wafiwa, marehemu na wasafiri.

"Mtajeni Saidi," alisema. "Lakini msimweke kwa marehemu."

Nilirudi kanisani Jumapili iliyofuata. Miaka imepita. Atupele sasa ananizidi urefu, na aliponiuliza baba yake alikufa ili iwe nini nilimwambia sijui, na kwamba alikufa akiwa anafanya kazi yake vizuri. Hakuridhika, nami sikutaka aridhike upesi. Mume wangu hakurudi. Hamisi hakurudi. Sijaona chochote tangu wakati ule ambacho kingeweza kuwekwa upande wa pili wa mizani nao, na nimeacha kutafuta.

Kila Jumapili, maombi ya kanisa yanapofika mahali pa majina, mchungaji hunitazama, nami husimama. Mimi huwataja wagonjwa kwanza. Halafu wafiwa, halafu marehemu. Nikifika kwa wasafiri, husema kwa sauti ya kutosha kusikika mpaka benchi la nyuma: Saidi, mwana wa Somoe.